Pamba Haidaki Mtu

Mwangaluka, nyinyi mlioanza kazi msimu huu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mimi ni Mama Holo. Walio wakubwa kidogo kwenu wananijua. Nyinyi mnaniona tu nikipita Somanda na kikapu changu, mnanipisha kwa heshima, mnadhani ni bibi wa mchicha. Kiwanda hicho nimekifanyia kazi tangu kifua changu kikiwa kizima mpaka vumbi la pamba likanifundisha kukohoa kama pikipiki mbovu. Nilifagia, nikashona marobota, nikalisha mashine, na nilistaafu nikiwa msimamizi wa ghala.

Sikupanga kuandika chochote. Nina mbuzi wawili wakaidi na magoti mawili makaidi kuliko mbuzi, vinanitosha. Lakini juzi mjukuu wa dada yangu, ambaye ni mwenzenu, alinionyesha video kwenye simu yake. Kijana amesimama juu ya jukwaa la ghala, kofia ngumu kichwani, kizibao kinachong'aa kifuani, halafu anaruka na kuzama kwenye lundo la pamba, na wenzake wanapiga makofi. Mjukuu akacheka. Nikamwambia airudishe mwanzo niitazame tena. Chakula cha jioni hiyo sikukimaliza.

Mnafikiri mmebuni nyinyi. Mchezo huo ni wa zamani na una jina, tuliuita kuoga pamba. Nataka niwaeleze ulivyokoma na mtu aliyeukomesha, maana nampenda mtu huyo na sitaki kazi yake ipotee bure.

Anaitwa Masanja. Yuko kwao Malampaka sasa, nyumba yake si mbali na stesheni, na treni ikichelewa yeye ndiye wa kwanza kunung'unika ingawa hana safari. Zama hizo alikuwa mkubwa wa ghala, mtu mwenye kifua kipana na sauti ndogo ajabu. Ukimsikia kwenye simu ungedhani umempigia mtoto wa shule.

Siku yangu ya kwanza aliniita mama kwa Kisukuma chetu, akaniuliza, "Mayu, unajua kupanda ngazi?"

Nikamjibu, nani asiyejua kupanda ngazi. Akaniambia nipande basi. Nikapanda na ufagio mkononi, nikijionyesha, na kwenye kipandio cha pili kandambili yangu ikakanyaga nyuzi za pamba, nikateleza, nikatua kwa mkono. Kipandio cha pili, wanangu. Mbuzi wangu angeruka pale bila hata kufikiri. Kifundo cha mkono kikavunjika, nikafungwa hogo la plasta kabla sijapokea mshahara wa kwanza. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba wanaoumia ni wale wanaoanguka kutoka juu sana, mleteni kwangu nimwonyeshe mkono huu mvua ikikaribia.

Nilipopona nikarudi nikijua nitachekwa. Masanja hakucheka. Alinipeleka kwenye ngazi ileile.

"Umechunga ng'ombe?"

"Nimechunga."

"Ng'ombe akishuka korongoni, miguu anaifanyaje?"

Nilichunga utoto wangu wote na sikuwahi kutazama. Akanieleza mwenyewe kwamba miguu mitatu inakaa chini, mmoja ndio unaenda. "Na wewe ukiwa ngazini, miguu miwili na mkono mmoja vikae, ule mkono wa pili ndio uende. Ukiinua mguu, mikono yote ishike. Ukibeba ufagio, umeshakuwa ng'ombe wa miguu mitatu, na huyo anachinjwa." Tangu hapo ufagio, spana na ndoo vilipanda kwa kamba, mtu akishafika juu na kukaa vizuri. Nyinyi mnafundishwa hayohayo na afisa usalama, kwa picha za ukutani zenye mishale. Sawa, hata mimi nazipenda zile picha. Ila mpaka leo nikipanda kigoda kubadilisha taa, nafikiria ng'ombe.

Kila kona ya kiwanda alikuwa na neno lake. Mbegu zikimwagika sakafuni hazirukwi, zinafagiliwa, hata kama lori linapiga honi nje, kwa sababu mbegu chini ya kiatu zinakuondoa sakafuni kabla hujaita jina la mama yako. Ngazi haisimamishwi juu ya robota. Na lile bati la plastiki linaloingiza mwanga paani, likishajaa vumbi la pamba halitofautiani na bati la kweli, kwa hiyo alilipaka msalaba mwekundu. Fundi mmoja mgeni aliuona msalaba akadhani ndipo pa kukanyaga. Mguu wake ulipita mpaka pajani ukaning'inia juu ya meza ya karani wa mizani, ambaye alikuwa anakunywa chai. Karani, mtu wa adabu sana, aliuamkia mguu kwanza kisha akauliza kama unahitaji msaada. Tulicheka wiki nzima, na fundi mwenyewe alicheka alipokwisha kushonwa.

Sasa mtu huyo, aliyeiona hatari mahali ambapo sisi hatukuona kitu, ndiye aliyekuwa bingwa wa kuoga pamba. Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Kwetu sisi pamba ni kitu cha nyumbani. Tumelala juu yake mashambani tukiwa wadogo, tumecheza kwenye malundo ya baba zetu wakati wa mavuno, na mama zetu wameijaza kwenye mito. Msukuma anaogopa nyoka, anaogopa mvua ya mawe, anaogopa mama mkwe. Pamba haogopi. Ngazi tuliitazama kwa mashaka kwa sababu ni chuma, lakini lundo la pamba tulilirukia kwa moyo mweupe. Wakija vibarua wapya, mkubwa wa ghala alipanda jukwaani akaruka wa kwanza, kisha wageni mmoja mmoja. Hujaoga, hujaajiriwa. Akina mama tulipiga vigelegele, na meneja alijifungia ofisini akijifanya hana habari.

Nyinyi mnaolisha mashine mnalijua lundo, lakini niseme kwa ajili ya wale ambao bado. Pamba inayotoka shambani, ikiwa bado na mbegu zake, ikikaa ghalani inashikana. Ile ya juu inakanyagwa, inapata unyevu, inakuwa ngumu kidogo. Chini kuna bomba la feni linaloivuta kuipeleka kwenye mashine. Kulisha kwa haki ni kubomoa lundo kutoka juu kushuka. Lakini watu wakichoka wanaingiza mdomo wa bomba ubavuni na kuliacha linakula kwa ndani. Ndani panabaki pango, na kwa juu huoni kitu, pamba imetulia, nyeupe, sawasawa.

Asubuhi hiyo tulikuwa tumepata vibarua wapya. Zamu iliyotutangulia ilikuwa imelisha kutoka upande wa ukutani, ikaenda zake kulala, na hakuna aliyesema neno kwa sababu hakuna aliyeona la kusema. Masanja akapanda ngazi kwa utaratibu wake wote, mkono mmoja, mguu mmoja. Alipofika jukwaani akavua viatu, akavipanga pembeni, akatutazama akitabasamu. "Wageni," akasema, "mtazameni baba yenu." Akaruka.

Akazama, na pamba ikajifunga juu yake. Hakukuwa na kishindo, pamba inameza sauti. Tukapiga makofi. Ilikuwa kawaida yake kujificha humo kidogo, kisha kuchomoza mahali pengine akiwatisha akina mama, kwa hiyo tulisubiri tukicheka, kila mmoja akionyesha kwa kidole pale anapodhani atatokea. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Aliyeacha kucheka wa kwanza ni Limbu, kijana wa kupanga marobota, ambaye Masanja alimfundisha kazi na kumsimamia mpaka posa. Limbu akasema, "Mbona pamba imeshuka?" Tukatazama. Katikati ya lundo palikuwa na bonde.

Nikapiga kelele feni izimwe. Limbu akataka kurukia juu, nikamshika mkanda wa suruali, maana angemwangukia aliye chini. Tukachimba kutoka ubavuni kwa mikono, wanawake kwa wanaume, tukitupa pamba nyuma yetu. Tulimkuta chini kabisa, amekunjika, uso wote nyuzi, anapumua kwa shida. Nikamtoa pamba mdomoni kwa kidole. Limbu akamshika makwapani amvute, nikampiga mkono. Mtu aliyeanguka havutwi, wanangu, hata kama analia, hata kama ni mama yako. Tulileta mlango wa stoo, tukamsogeza juu yake wote kwa pamoja, kichwa na kiuno vikiwa vimenyooka.

Akanitazama, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Mayu, kumbe kuna sakafu."

Nyonga ilivunjika na mgongo ukaumia. Alipokelewa hospitali ya hapa Somanda, kisha akapelekwa Mwanza. Daktari alimweleza mkewe, Nkwimba, bila kuzunguka: mfupa utaunga, lakini kama mzee atasimama tena peke yake, hilo hawezi kuliahidi. Basi hilo likawa swali letu msimu ule wote. Asubuhi tukikutana getini hatukuulizana habari za nyumbani. Tuliulizana, amesimama?

Shemeji zake wakaja kutoka Mwamanyili na neno la kwamba amelogwa. Walikuwa na jina la mtu, walikuwa na sababu, na walikuwa wameshatafuta gari la kumtoa hospitalini. Mbaya zaidi, Masanja mwenyewe alitamani iwe hivyo. Nilimwona machoni. Mwanamume aliyelogwa anahesabiwa kuwa na maadui, na mwenye maadui ana heshima. Aliyeangushwa na pamba anapata nini?

Nilikwenda kumwona, nikamkuta amelala, mguu umevutwa kwa vyuma, anatazama dari.

"Mama Holo," akasema, "labda kuna mtu."

"Mtu yupo," nikamwambia. "Anaitwa feni. Ana mdomo wa bati, anakula pamba mchana na usiku, na tunamlisha wenyewe."

Akaanza kucheka. Kicheko kikamuumiza mgongo, akaacha, akaanza kulia, na mimi nikalia naye. Nilimpenda sana saa ile, yule mtu mzima aliyelazwa kama mtoto mchanga. Nesi alikuja kunitoa kwa sababu muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha zamani. Kesho yake Masanja aliwashukuru shemeji zake, wabeja, wabeja sana, akawarudisha Mwamanyili na gari lao.

Alijifunzia kusimama nyumbani kwake, kwenye zizi, akishika magogo ya uzio. Akinipigia simu hakunitajia dakika. Alisema, "Leo nimesimama mpaka ndama wametoka." Siku nyingine akasema amesimama mpaka ng'ombe wote wametoka, akaongeza kwa majivuno kwamba kuna dume moja lilikuwa linachelewa makusudi. Nilitoka nje na simu yangu nikawatangazia watu wa zamu. Limbu alikaa chini palepale kwenye robota, akajifuta uso kwa kofia.

Msimu uliofuata Masanja akaitwa arudi, awe wa kupokea magari getini, kazi ya kukaa. Alipokuwa hayupo, meneja alikuwa amebandika tangazo la kupiga marufuku kuruka. Tangazo likashika vumbi mpaka likawa halisomeki, na hakuna aliyelifuta. Watu walikuwa na hoja yao. Walisema kilichomwangusha mzee si kuoga, ni pango. Lundo jipya, ambalo halijaguswa na bomba, lina ubaya gani?

Na kwa kuwa walimpenda, wakapanga kumpokea kwa heshima kubwa kuliko zote walizozijua. Wakapanga kumwogea pamba. Limbu, ambaye sasa alikuwa ndiye mkubwa wa ghala, angeruka kwa niaba yake. Nilisema huo ni upuuzi. Wakaniambia, kwa upole kabisa, kwamba Mama Holo umezeeka.

Masanja akaingia ghalani mchana, fimbo mkono wa kulia, Nkwimba nyuma yake. "Mwadila," akasalimia, tukaitika sote, vigelegele vikapanda mpaka paani. Mguu mmoja aliuburuza kidogo. Alikuwa amekonda, na shati la kazi lilimpwaya kifuani. Halafu akainua macho akamwona Limbu juu ya jukwaa, amevua viatu.

"Bhabha," Limbu akasema, "hii ni yako. Tumekuandalia."

Masanja akalitazama lundo, kisha akamtazama Limbu. "Shuka, ng'wanone, mwanangu."

"Usiogope, bhabha. Nimelipima kwa mwanzi kila mahali. Limeshiba."

"Shuka."

Watu wakacheka, kicheko cha upendo, wakaanza kupiga makofi ya mdundo kama ilivyokuwa desturi. Wakadhani mzee anaona haya. Limbu akasogea ukingoni, akanyoosha mikono. Niliona Masanja anaitazama ngazi, na nikajua anachofikiri. Asingeweza kuipanda, wala sauti yake ile isingeshinda makofi.

Akampa Nkwimba fimbo. Akaingia kwenye pamba, akishika kwa mikono kama mtu anayevuka mto, mpaka chini ya jukwaa kabisa, pale ambapo Limbu angetua. Akapiga magoti. Akalala chali, uso juu, mikono kifuani.

"Haya," akasema. "Ruka."

Makofi yakafa. Hapo sauti yake ndogo ilitosha kusikika ghala zima.

"Bhabha, toka hapo," Limbu akasema.

"Si umesema limeshiba? Limeshiba, basi litatudaka wote wawili. Ruka."

"Siwezi, bhabha."

"Kwa nini? Hii si ni pamba?"

Limbu alisimama pale juu, mikono imeanguka. Kisha akarudi nyuma, akaishika ngazi, akashuka akilia bila kujificha.

Tukadhani limekwisha. Kumbe kulala ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Masanja alijigeuza ubavu, akapumzika. Akaweka kiwiko, pamba ikabonyea, kiwiko kikazama, akarudi chini. Akajaribu tena. Limbu akakimbia kumshika.

"Yaya, hapana. Niacheni," akasema. "Mtazame."

Tukatazama. Nje lori lilipiga honi, likapiga tena, likachoka. Akapata goti moja. Alibaki hapo jasho likimtiririka, mguu mbovu ukitafuta mahali pa kukanyaga na pamba ikiukimbia. Akaanguka kifudifudi. Nkwimba akageuka akatazama ukuta. Mmoja wa vibarua wapya, msichana ambaye hata jina lake nilikuwa bado sijalishika, akaanza kusema basi, basi, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemnyamazisha. Nilikuwa nimewahi kumwona Masanja akiwa amebebwa kwenye mlango, lakini hilo la kumwacha ainuke mwenyewe lilikuwa zito kuliko kumbeba. Tena goti. Tena kiwiko. Tena akarudi chini.

Aliposimama hakuna aliyepiga kigelegele. Nkwimba akampa fimbo yake. Shati lote lilikuwa limegandwa na pamba, na mguu ule ulikuwa unatetemeka mpaka suruali ikatikisika.

Akatazama jukwaa, akatutazama sisi, akauliza kwa ile sauti yake ndogo ni nani anayefuata. Wageni waliokwisha kuvua viatu wakavivaa. Limbu alikuwa amesimama nyuma yake, akimwondoa pamba mgongoni, unyuzi mmoja mmoja.